Namna ya Kuyafuatilia Maisha na Kazi ya Noor Jehan, Filamu kwa Filamu

Noor Jehan alianza kuonekana katika filamu akiwa mtoto katika miaka ya 1930, akawa nyota wa Bombay kabla ya kutimiza miaka 20, akahamia Lahore baada ya India kugawanywa mwaka 1947, akaacha kuigiza mwanzoni mwa miaka ya 1960, na bado akaendelea kusikika katika filamu za Pakistani kwa zaidi ya miaka 30 baada ya kuiaga kamera. Anayetaka kumjua leo hukutana na orodha ndefu ya majina ya filamu ambamo zile alizoigiza zimechanganywa na zile alizoimba tu, pamoja na nyimbo zilizopachikwa mwaka usio wake na picha za waigizaji wengine kabisa. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mtu wa namna hiyo: mpenzi wa picha za Kihindi za kale, mwanafunzi wa sanaa, au mtu anayekusudia kuandika makala juu yake na asiyetaka kurudia makosa yanayonakiliwa kila siku.

Njia ninayoipendekeza ni kuuliza swali moja mbele ya kila filamu na kila wimbo: uso ni wa nani, na sauti ni ya nani? Kwa waigizaji wengi swali hilo ni la udadisi tu. Kwa Noor Jehan ndilo linalogawa maisha yake, kwa sababu kwa karibu robo karne uso na sauti vilikuwa vyake vyote viwili, kisha uso ukaondoka na sauti ikabaki ikiwahudumia wengine.

Matayarisho

Chukua daftari, au faili la kompyuta ukipenda, uchore safu saba: jina la filamu, mwaka, mji ilikotengenezwa, lugha, mwenye uso, mwenye sauti, na mtunzi wa muziki. Usiongeze safu ya ndoa, watoto wala ugomvi wa nyumbani mpaka uwe umejaza angalau filamu kumi. Si kwamba mambo hayo hayana maana; yana maana kubwa, na tutayafikia. Lakini wasifu mwingi wa Noor Jehan huanza na waume zake wawili na kumalizia na sari na vito vyake, na msomaji hufika mwisho bila kujua aliimba nini.

Safu ya lugha isiachwe wazi. Filamu zake nyingi ni za Kiurdu, ile Kiurdu ambayo Bombay huiita Kihindi, lakini alianza kwa Kipunjabi na kwa sehemu kubwa alimalizia kwa Kipunjabi. Kwa kuwa nakala nyingi za zamani hazina maandishi ya tafsiri, soma muhtasari wa kisa kabla ya kutazama. Usipofanya hivyo utachoka katikati ya mazungumzo marefu na kuruka mpaka kwenye wimbo, na wimbo uliorukiwa hupoteza nusu ya kazi yake.

Fahamu kwanza jinsi nyimbo zilivyorekodiwa

Filamu ya kwanza ya India yenye sauti, Alam Ara, ilionyeshwa Bombay tarehe 14 Machi 1931, na ilikuwa na nyimbo. Katika miaka ile mwigizaji aliimba papo hapo mbele ya kamera, huku wapiga ala wakiwa wamejificha nje ya picha, nyuma ya pambo au mti, karibu kiasi cha kunaswa na maikrofoni na mbali kiasi cha kutoonekana. Kwa hiyo asiyeweza kuimba hakuwa na nafasi kubwa ya kuwa steringi. Mwaka 1935 studio ya New Theatres ya Calcutta, katika filamu ya Dhoop Chhaon, ilianza kurekodi wimbo kwanza na kumpiga picha mwigizaji baadaye akifuatisha kwa midomo. Ufundi huo ndio uliofungua mlango wa mwimbaji wa nyuma ya pazia, yaani mtu anayeimba kwa niaba ya uso wa mwingine.

Mlango ulifunguliwa, lakini hawakuingia wote mara moja. Kwa zaidi ya miaka 10 nyota wakubwa, K. L. Saigal akiwa kinara wao, waliendelea kujiimbia wenyewe: walirekodi wimbo, kisha wakauigiza kwa sauti yao wenyewe. Noor Jehan ni wa kundi hili, na pamoja na Suraiya ndio waliokuwa kilele chake upande wa wanawake. Ili uone jinsi mambo yalivyogeuka baada ya hapo, tazama filamu ya Mahal ya mwaka 1949. Wimbo wake mashuhuri, Aayega Aanewala, uliimbwa na Lata Mangeshkar kwa ajili ya uso wa Madhubala, lakini santuri ilipotoka jina lililoandikwa juu yake lilikuwa Kamini, jina la mhusika katika kisa. Mwimbaji hakutajwa. Noor Jehan hakuhitaji kuipitia fedheha hiyo, kwa sababu umma ulipomwona ulijua kwamba sauti ni yake.

Jambo moja la kiufundi la kukumbuka: upande mmoja wa santuri za mizunguko 78 kwa dakika ulibeba takriban dakika tatu tu. Wimbo wa filamu uliozidi hapo ulikatwa au ukagawanywa pande mbili. Ukikuta wimbo mmoja una urefu tofauti katika nakala mbili, usidhani kwamba moja ni ya bandia. Huenda moja imetoka kwenye filamu na nyingine kwenye santuri. Ziandike zote mbili.

Anza na Anmol Ghadi, si na utoto wake

Wengi huanza na filamu ya kwanza kabisa, wakakuta kwamba filamu za utotoni hazipatikani kwa urahisi, wakakata tamaa. Anza katikati, na Anmol Ghadi ya mwaka 1946, iliyoongozwa na Mehboob Khan na kutungiwa muziki na Naushad. Inapatikana, nakala zake si mbaya sana, na inakupa nyota watatu wanaojiimbia katika filamu moja: Noor Jehan, Suraiya na Surendra.

Kisa ni chepesi kukifuata. Chander na Lata ni marafiki wa utotoni, yeye maskini, binti wa kitajiri. Familia ya Lata inahamia Bombay, na binti anamwachia rafiki yake saa kama ukumbusho. Hiyo ndiyo saa ya thamani inayotajwa katika jina la filamu. Wanapokuwa watu wazima Chander anafanya kazi ya kutengeneza ala za muziki, na Lata, aliyechezwa na Noor Jehan, ni mwandishi wa riwaya anayetumia jina la kubuni. Basanti, rafiki wa Lata, aliyechezwa na Suraiya, anampenda kijana huyo huyo.

Itazame mara ya kwanza kama filamu ya kawaida. Kisha rudi kwenye nyimbo tatu za Noor Jehan: Mere Bachpan Ke Saathi, Jawan Hai Mohabbat, na ile anayoimba pamoja na Surendra, Awaaz De Kahan Hai. Fumba macho na usikilize Jawan Hai Mohabbat. Sauti ni nyembamba kuliko itakavyokuja kuwa katika miaka ya 1950, lakini tayari ina kile ambacho waimbaji wengi wa wakati wake hawakuwa nacho: anaweza kuifungua kwa nguvu bila kuipasua, na akairudisha chini ndani ya pumzi hiyo hiyo. Fumbua macho urudie. Utaona kwamba uso haufanyi kazi kubwa. Anatabasamu, anageuza shingo, anatembea, na kazi ya kuigiza furaha imekwisha kufanywa na koo. Kisha linganisha na nyimbo za Suraiya ndani ya filamu hiyo hiyo. Suraiya anaimba kwa sauti ya chini zaidi, yenye unyenyekevu, na unyenyekevu huo unamfaa Basanti, ambaye anapenda asipopendwa. Sitashangaa ukimpenda Suraiya zaidi kama mwigizaji. Mimi pia nampenda zaidi kwa upande huo.

Sasa jaza daftari, na hapa ndipo swali letu linapoanza kulipa. Wimbo wa watoto ulio mwanzoni, Udan Khatole Pe Ud Jaaun, si sauti ya watoto wanaoonekana wala si ya nyota wetu watatu. Waliouimba ni Shamshad Begum na Zohrabai Ambalewali. Na Mohammed Rafi, ambaye wakati huo alikuwa bado hajapata jina, anasikika katika wimbo mmoja bila kuwa mhusika yeyote mkuu. Filamu moja, na tayari una taratibu mbili za uimbaji bega kwa bega. Mwaka uliofuata, katika Jugnu, zinakutana ndani ya wimbo mmoja: katika Yahan Badla Wafa Ka, Noor Jehan anaimba kwa sauti yake mwenyewe, na Dilip Kumar aliye mbele yake anafungua midomo kwa sauti ya Rafi. Ukitaka kumweleza mtu kwa wimbo mmoja tu jinsi zama zilivyopishana, mchezee huo.

Kisha rudi nyuma

Ukishaijua sauti yake, utoto wake utakuwa na maana. Alizaliwa Kasur, mji wa Punjab usio mbali na Lahore, katika familia ya wanamuziki, akaitwa Allah Rakhi Wasai. Tarehe inayotajwa mara nyingi ni 21 Septemba 1926. Alifundishwa uimbaji wa kijadi tangu utotoni, na akiwa bado mdogo alipelekwa pamoja na dada zake Calcutta, ambako kulikuwa na studio za filamu na kumbi za maonyesho, na ambako alipewa jina la Baby Noor Jehan. Yeyote anayeandika kwamba alikuwa na kipaji cha kuzaliwa tu anasahau miaka hiyo ya mafunzo. Wepesi unaousikia katika Jawan Hai Mohabbat ni wa mtu aliyekaririshwa ngazi za sauti kabla hajajua kusoma vizuri.

Aliporudi Lahore alimkuta Ghulam Haider, mtunzi wa muziki wa kampuni ya Dalsukh Pancholi. Tafuta wimbo wake katika Gul Bakavli ya mwaka 1939, filamu ya Kipunjabi, umsikie akiwa binti mdogo anayeimba kwa ujasiri wa mtu mzima. Inafuata Yamla Jat ya 1940, kisha Khandaan ya 1942, ambayo ndiyo iliyomfanya kuwa nyota. Mwongozaji wa Khandaan alikuwa Shaukat Hussain Rizvi, ambaye baadaye alimwoa. Mwigizaji mwenzake alikuwa Pran, yule yule aliyekuja kuwa jambazi anayeogopwa kuliko wote katika filamu za Bombay. Inasimuliwa kwamba binti alikuwa mfupi kiasi kwamba katika picha za karibu alisimamishwa juu ya matofali ili nyuso zao zilingane. Ukiipata nakala, tazama picha hizo za karibu na uzilinganishe na zile zinazowaonyesha wote wawili kwa urefu wao.

Kabla hujarudi kwenye Anmol Ghadi katika orodha yako, simama kwenye Zeenat ya mwaka 1945. Ina kawali, yaani wimbo wa kundi wa kupokezana wenye asili ya Kisufi, iitwayo Aahen Na Bhareen Shikwe Na Kiye, ambayo kwa kawaida hutajwa kuwa kawali ya kwanza ya wanawake watupu katika filamu za India. Sauti zinazoongoza ni tatu: Noor Jehan, Zohrabai Ambalewali na Kalyani. Nyuso ni nyingi zaidi, na miongoni mwa mabinti waliokaa safu wamo Shashikala na Shyama, ambao wakati huo walikuwa hawajulikani. Jaribu kuitambua sauti ya Noor Jehan katika mpokezano ule bila kutazama. Ukiweza, umepiga hatua kubwa kuliko kukariri tarehe 20. Mwaka huo huo katika Badi Maa, Lata Mangeshkar na mdogo wake Asha walipata nafasi ndogo za kuigiza pembeni ya Noor Jehan. Lata hakuficha maisha yake yote kwamba alimwona kuwa mfano wake, na katika rekodi zake za mwanzo athari hiyo inasikika wazi.

Mwaka 1947, na jinsi ya kuuandika

India ilipogawanywa Agosti 1947, Noor Jehan na mumewe walichagua Pakistani. Hapa waandishi hugawanyika kufuatana na utaifa wao: upande mmoja huandika kana kwamba alitoweka, na mwingine huandika kana kwamba alianza kazi siku hiyo. Daftari lako litakukinga na makosa yote mawili, maana linaonyesha mwimbaji yule yule, watunzi baadhi yao wale wale, na soko lililokatwa vipande viwili. Feroz Nizami, aliyetunga muziki wa Jugnu huko Bombay, ndiye aliyetunga ule wa filamu yake ya kwanza baada ya kurudi Lahore.

Lahore aliyoirudia ilikuwa na majengo ya studio yaliyoungua katika ghasia na mafundi waliokimbilia upande wa pili. Rizvi alipewa studio ya zamani ya familia ya Shorey, akaikarabati, ikaitwa Shahnoor, jina linalounganisha lake na la mkewe. Pengo la miaka minne kati ya filamu zake za mwisho za Bombay, za mwaka 1947, na filamu iliyofuata lina sababu hiyo ya wazi. Usilijaze kwa visa vya mapenzi.

Filamu iliyovunja ukimya ilikuwa Chanwey ya mwaka 1951, ya Kipunjabi, na Noor Jehan ndiye aliyeandikwa kuwa mwongozaji, jambo linalomfanya ahesabiwe kuwa mwanamke wa kwanza kuongoza filamu Pakistani. Utakutana na wanaodai kwamba mumewe ndiye aliyeongoza kwa kweli. Ushauri wangu ni kuandika lililoandikwa kwenye filamu yenyewe, kisha kueleza kwamba wapo wanaolipinga. Waume wanaotia sahihi kazi za wake zao hawahojiwi kwa ukali huo, na mwandishi mwangalifu atumie kipimo kimoja.

Dupatta ya 1952 ndiyo ya kutazama kwa makini katika kipindi hiki. Ilifaulu Pakistani na ikafaulu India pia, mipaka ikiwa tayari imechorwa. Sikiliza Chandni Raatein usiku, sauti ikiwa chini, uone jinsi koo lilivyonenepa tangu Anmol Ghadi: huzuni haipo tena kwenye maneno peke yake, imeingia katika namna anavyochelewa kidogo kufika kwenye noti ya mwisho. Baada ya hapo nenda moja kwa moja kwenye kazi zake na mtunzi Khwaja Khurshid Anwar, hasa Intezar ya 1956 na Koel ya 1959. Filamu nyingine za miaka hiyo unaweza kuziacha kwa sasa. Si mbaya zote, lakini visa vyake hujirudia, na nyimbo zake bora zinasikilizika peke yake.

Uso unapoondoka

Mwaka 1959 aliolewa mara ya pili, na Ejaz Durrani, mwigizaji kijana. Mwaka 1960 alisikika katika Salma akiimba kwa ajili ya uso wa mwingine. Ghalib ya 1961 ndiyo filamu yake ya mwisho akiwa mhusika mkuu, na katika Baji ya 1963 anaonekana kwa muda mfupi tu. Sababu zinazotajwa ni familia iliyokuwa ikikua, kwani alikuwa na watoto sita kutoka ndoa zake mbili, na matakwa ya kuwa mke wa mtu mwenye shughuli hiyo hiyo. Hapa ndipo unaporuhusiwa kufungua safu ya maisha ya nyumbani, kwa kuwa sasa inaeleza kilichotokea katika kazi.

Linganisha na wenzake. Suraiya alipoacha filamu mwaka 1963 aliacha na kuimba pia, akakaa kimya mpaka alipofariki mwaka 2004. Noor Jehan alifanya kinyume: alihamia upande ule ambao Lata na wenzake walikuwa wakiujaza huko Bombay, akawa na faida wasiyokuwa nayo, kwamba yeye mwenyewe aliwahi kuwa uso. Unapomsikiliza katika miaka ya 1960 na 1970, angalia jinsi anavyoweka cheko dogo, kigugumizi au pumzi mahali ambapo mwigizaji atahitaji kufanya kitendo. Anamwigizia mwenzake kabla kamera haijawashwa.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni Heer Ranjha ya mwaka 1970, filamu ya Kipunjabi iliyotungiwa muziki na Khurshid Anwar. Heer alichezwa na Firdous, na Ranjha alichezwa na Ejaz Durrani. Wimbo wa Sun Wanjhli Di Mithri Taan unamwonyesha msichana aliyevutwa na filimbi ya mchunga ng'ombe. Sauti inayomwita kijana huyo ni ya mke halisi wa mwigizaji, na uso ni wa mwanamke mwingine. Ndoa yao ilivunjika miaka ya mwanzo ya 1970. Huna haja ya kuongeza neno lolote la umbea: weka mambo hayo matatu katika safu zake, na msomaji atayaona mwenyewe.

Kati ya filamu hizi, tenga nafasi kwa Septemba 1965, wakati wa vita kati ya India na Pakistani, alipokuwa akiimba nyimbo za kizalendo katika Redio Pakistani ya Lahore. Aye Puttar Hattan Te Nahin Vikde, wimbo wa mama anayesema wana kama hawa hawauzwi madukani, haukuwa wa filamu na haukuwa na uso wowote. Ndio uliomfanya apendwe na watu ambao hawakuwahi kuingia sinema. Uandike katika daftari kwa kuacha safu ya uso tupu.

Miaka ya 1970 na 1980 ina nyimbo nyingi mno za filamu za Kipunjabi, nyingine za haraka haraka zilizotengenezwa kwa ajili ya ngoma ya dakika chache. Chagua kumi ukaishie hapo. Idadi ya nyimbo zake zote hutajwa kuwa 10,000, wengine husema 20,000. Takwimu hizo zinarushwa tu bila orodha nyuma yake, na mwandishi makini hazichukui.

Mitego ya kuepuka unapotafuta

Jina lake huandikwa Noor Jehan, Noorjehan, Nur Jehan na Noor Jahan. Tafuta yote, lakini ongeza jina la filamu au mtunzi, la sivyo utaletewa Nur Jahan mwingine kabisa: malkia wa dola ya Mughal, mke wa mfalme Jahangir, aliyefariki mwaka 1645 na ambaye kaburi lake liko Lahore, jambo linalozidisha mkanganyiko.

Majina ya filamu nayo hujirudia pande mbili za mpaka. Anarkali ya Bombay ya mwaka 1953 ina uso wa Bina Rai na sauti ya Lata. Anarkali ya Lahore ya 1958 ni ya Noor Jehan. Heer Ranjha zipo mbili za mwaka ule ule wa 1970, moja ya Kipunjabi tuliyoitaja na nyingine ya Bombay iliyoongozwa na Chetan Anand. Nimekuta picha ya moja ikipachikwa juu ya wimbo wa nyingine mara nyingi kiasi cha kutoiamini tena picha yoyote ya jalada.

Jihadhari pia na nakala zilizoandikwa "jhankar". Hizo ni rekodi za zamani zilizoongezwa mdundo wa ngoma za kompyuta ili zipendeze kwenye spika za kisasa. Huziba kabisa zile pumzi na vichelewesho ambavyo ndivyo unavyovitafuta. Kama sauti ya ngoma ni safi kuliko sauti ya mwimbaji, iache. Vilevile nakala zilizotiwa rangi hazikusaidii kuona mwanga ulivyopangwa juu ya uso wake, na katika Dupatta mwanga huo ni nusu ya kisa.

Msikilizaji wa pwani yetu ana mtego wake peke yake. Waimbaji wa taarab ya Mombasa, Juma Bhalo akiwa anayejulikana kuliko wote kwa hilo, walitunga mashairi ya Kiswahili juu ya mahadhi ya filamu za Kihindi, kwa hiyo sikio linaweza kudhani limewahi kuusikia wimbo wa Noor Jehan wakati linakumbuka mahadhi ya filamu nyingine yoyote ya zama zile. Usiandike kwamba wimbo fulani wa taarab umetoka kwake mpaka uwe umezichezesha rekodi zote mbili mfululizo na kuzifuatisha mstari kwa mstari.

Rekodi ya kuitazama mwisho

Acha maonyesho ya jukwaani na ya televisheni mpaka uwe umemaliza filamu. Televisheni ya Pakistani ilimrekodi katika kipindi kilichoitwa Tarannum, akiimba mwenyewe, amevaa sari, baadhi ya nyimbo zikiwa ni zile zilizowahi kuchukuliwa na nyuso za wengine. Kisha tafuta rekodi ya Februari 1982, alipoalikwa Bombay katika hafla ya kuadhimisha miaka 50 ya filamu za sauti. Alikuwa hajaimba katika mji huo tangu alipouhama. Dilip Kumar, mwenzake wa Jugnu, ndiye aliyemkaribisha jukwaani, na wimbo alioimba ulikuwa Awaaz De Kahan Hai.

Uweke pembeni ya ule wa 1946 na usikilize kwa zamu. Ufunguo umeshuka, mapambo ya sauti yameongezeka, na katika ubeti anaokaa juu yake kwa muda mrefu zaidi anavuta irabu mpaka watu wanaanza kupiga makofi kabla hajamaliza. Sehemu ya Surendra haipo. Anaimba peke yake wimbo uliotungwa kwa watu wawili. Katika safu ya uso na safu ya sauti, andika jina lake mara mbili, kama ulivyofanya kwa Ghalib.

Alifariki Karachi tarehe 23 Desemba 2000, usiku wa tarehe 27 Ramadhani, akazikwa huko huko Karachi usiku ule. Ukifika hapo, daftari lako litakuwa na mistari ya kutosha kuandikia makala, na safu moja itakuwa bado haijajaa: watunzi wa muziki. Anza kuijaza kwa Ghulam Haider, kwa sababu huyo ndiye aliyemfungulia njia Noor Jehan huko Lahore na baadaye akamfungulia Lata Mangeshkar huko Bombay, na ukimfuata yeye utapata orodha nyingine ya filamu za kutazama.